Jiwe la Misa Shambani Kwangu

Jumatatu, 1 Juni 1987
Mwalimu Assumpta anaandika kitabu cha makanisa yote ya kijiji chetu tangu enzi za kale. Jumapili watu watazunguka kuona mahali pote paliposomewa misa, kituo kwa kituo, na mwenye kituo ndiye wa kuwapa chai. Jirani yangu Fintan Looby anacho! Magofu ya kanisa la kale lililoezekwa nyasi yako nyuma ya nyumba yake. Mimi sina. Tangu mke wangu Delia afariki, anayeingia kwangu ni daktari wa ng'ombe tu. Haiwezekani! Mtu mkubwa kama mimi!

Jumanne, 2 Juni
Nimepata! Zamani watawala walipopiga misa marufuku, mapadri waliisomea mashambani kwa siri, juu ya mawe. Mimi nina jiwe. Nimechonga msalaba, nikaupaka mtindi uote ukungu, uonekane wa kale. Fundi kama mimi hajazaliwa.

Alhamisi, 4 Juni
Mwalimu kaja na daftari. Fintan naye kaja, nani kamwalika? Kacheka mpaka kashika uzio. Eti we Malachy, hili si jiwe la ng'ombe kujikunia, ulilolisimamisha mwaka ule tulipoletewa umeme? Eti ona lilivyong'aa usawa wa makalio! Nikamjibu mapadri nao walikuwa na makalio. Mwalimu akageuka, akakohoa sana.
Kisha akaniuliza taratibu: Mzee Malachy, si kweli kwamba tufani ilipoezua kanisa, babu yako alitoa zizi lake, misa ikasomwa humo majira mawili ya baridi? Hicho ni kituo tosha, eti. Zizi! Mbele ya Fintan! Nikasema ukoo wetu ni wa jiwe, si wa samadi. Akauliza tena. Nikakataa tena. Kafuta mstari wangu daftarini.

Jumapili, 7 Juni
Nimepanga vikombe kumi na viwili, vile vya harusi. Nimeoka mkate wa magadi. Ndani mbichi kidogo. Watu wa ziara wamepita barabarani wakicheka. Mwalimu kanipungia mkono: njoo basi mzee, kwa Fintan kiti kipo. Nikamwambia nina wageni.
Nimekunywa kikombe kimoja. Nikahamia kiti cha pili, nikanywa kingine. Cha nne kilikuwa kimepoa.

Jumatatu, 8 Juni
Kosa nimeliona. Mawe yanajulikana na kila mtu. Leo nimeanza kuchimba kisima kitakatifu, cha mtakatifu ambaye Fintan hajapata kumsikia. Hata mimi bado sijamchagua.