Dari Lisilosikia Mvua

Jumatatu, 3 Desemba 1956

Tarehe naiandika kamili. Siku moja watu watataka kujua dari la kwanza la namna hii katika Taita nzima lilianza lini. Lilianza leo.

Gari lenyewe liko tayari karibu lote. Ni lile lililokuwa likibeba mikate ya duka moja hapa Voi, bodi yake bati tupu. Nimelitia kitanda, rafu, ndoano ya kofia, na mapazia ambayo mimi, nikiwa fundi cherehani, sina haja ya kuyasifu. Mazuri sana. Wazungu hupita hapa wakivuta vinyumba vyenye magurudumu, wanalala popote wanapochokea. Kule Mombasa hoteli zenye shuka safi hazitupokei sisi. Basi nitakwenda na hoteli yangu.

Shida ni bati. Mchana linakuwa kikaango. Mvua ikinyesha, mtu hasikii hata mawazo yake. Na mke wangu Loise usingizi wake ni mwepesi mno, maana nyumba yetu iko karibu na reli na mabehewa hugongana huko usiku kucha. Siku ya harusi yetu nilimwahidi bahari. Hajaiona hadi leo. Jana alitamka mbele ya kaka yake Alexander: akiweza kulala ndani ya gari bila kuungua na bila kusikia kelele, Jumamosi ya tarehe 22 atakwenda Mombasa nami. Asipoweza, atakwenda na Alexander kwa treni.

Alexander ni karani wa stesheni. Tiketi kwake rahisi, na kofia anayo. Aliniuliza kwa adabu kama nitalipaka gari siagi kabla ya safari au baadaye. Mwenye wivu ajinyonge.

Jumatano, 5 Desemba

Akili ni mali. Shamba la mkonge linatupa kila siku marundo ya takataka za majani baada ya mashine kukamua nyuzi. Bure! Nimejaza kati ya bati na mbao za dari, nikashindilia kwa mti wa ufagio. Nikapiga bati kwa ngumi kutoka nje, Loise akiwa ndani. Amesema amesikia kidogo tu. Kidogo tu, kwa mara ya kwanza.

Takataka zilikuwa mbichi kiasi. Zitakauka zenyewe.

Jumapili, 9 Desemba

Tumekwenda kanisani kwa gari, ili watu waone. Wamekusanyika, wakarudi nyuma. Mzee mmoja wa kanisa amenivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama kuna mbuzi nimemsahau humo ndani. Wakati wa sala dirisha la upande wetu lilifungwa na mtu ambaye sikumwona. Alexander, kiti cha mbele, leso puani, mabega yanatikisika. Nadhani alikuwa analia kwa ajili ya dhambi zake.

Mkonge umeoza. Kwa haki, si kosa la dari. Dari lilikuwa limefunga vizuri kupita kiasi, hata hewa haikupata pa kupenya.

Jumatatu, 10 Desemba

Nimetoa uozo wote. Mikono inawasha hadi viwikoni. Loise amemwaga maji ya moto humo ndani bila kusema neno, na mimi namwogopa zaidi asiposema neno.

Jambo jipya: sufi. Laini, nyepesi, kavu, haiozi. Nilijiuliza nitaipata wapi, kumbe nimekuwa nikiilalia miaka yote. Loise alipokwenda sokoni nilifungua mshono wa godoro letu, nikatoa ya kutosha, nikashona tena. Mshono hauonekani. Fundi ni fundi.

Sufi imetosha nusu ya mbele tu. Nusu ya nyuma, juu ya mito, nimeiacha wazi. Hewa nayo huzuia sauti, mtu yeyote mwenye kufikiri anajua hivyo.

Jumanne, 11 Desemba

Loise ameamka na alama za mbao za kitanda mgongoni. Ameniuliza godoro limepatwa na nini. Nimemwambia magodoro huzeeka kama watu.

Jumatano, 12 Desemba

Mbao zinagongana. Nikiwasha injini zinapiga makofi. Nilikaa chini ya dari nikalitazama, na hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu baba. Baba alikuwa na mizinga ya nyuki, Mbololo yote ilimjua. Kila mzinga mpya alikuwa akiupaka nta ya moto ndani, taratibu, mpaka ubao unanukia na hakuna ufa hata wa kupitisha unywele. Je, kuna nyuki aliyewahi kulalamika kuhusu kelele au joto? Hakuna.

Nimekwenda Mbololo kwa Thadeus, ambaye mpaka leo anaishi kwa asali. Nimenunua nta nyingi. Ameniuliza natundika mizinga mingapi msimu huu. Nimemjibu kwa fahari kwamba situndiki hata mmoja, natengeneza chumba cha kulala. Amesema mke wangu ni mwanamke mvumilivu. Hilo sikulikataa.

Ijumaa, 14 Desemba

Kazi imekwisha. Nimelipaka dari nta kwa mkono ule ule wa baba: kwanza moto, halafu kitambaa, halafu moto tena. Mbao zimeshikana, hazipumui. Ndani kunanukia kama mlima baada ya mvua.

Na kwa kuwa mimi husahihisha makosa yangu, safari hii nimeacha tundu la hewa nyuma, juu kabisa, la kidole gumba. Baba naye aliliacha tundu kama hilo. Wazee walijua mambo.

Jumamosi, 15 Desemba

Mvua kubwa! Nimekimbilia ndani ya gari kama mtoto. Nimelala chali. Mvua iliyokuwa ikipiga bati kama mawe sasa inasikika kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya tatu. Nimetoka nje nikiwa nimelowa na furaha, nikaenda moja kwa moja kwa Alexander kumwambia. Amesema hongera. Akaongeza kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, kisha akataka kujua kama tiketi ya Loise aichukue au asiichukue. Nimemwambia asijisumbue.

Jumanne, 18 Desemba

Jambo la ajabu, la kupendeza. Gari limeanza kuwa na sauti yake. Injini imezimwa, hakuna upepo, lakini ukilala juu ya mito unasikia mvumo wa chini, mmoja, mtulivu. Nimefikiri sana. Nimeelewa. Kelele zote za nje zimezuiwa, kwa hiyo sikio sasa linausikia ukimya wenyewe. Sidhani kama kuna mtu mwingine Voi aliyewahi kuusikia.

Nyuki kadhaa wanazunguka nyuma ya gari. Harufu ya nta, bila shaka. Hata wao wanaijua kazi nzuri wakiiona.

Alhamisi, 20 Desemba

Siku ya mtihani. Baada ya chakula cha mchana Loise amepanda garini na mto wake, uso wa hakimu. Jua la Voi liko juu kabisa. Pale stesheni wanapanga mabehewa, vyuma vinalia. Mimi nje, nimesimama, natafuna kucha.

Nimengoja. Nimengoja tena. Mwishowe nimechungulia pazia. Alikuwa amelala mdomo wazi, mkono mmoja ukining'inia. Loise! Mchana! Ameamka jua linateremka, akasema kuna sauti humo inambembeleza kama mama yake alivyokuwa akimbembeleza kule Chawia. Akasema tutakwenda bahari. Akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu nishone ile suti ya mkuu wa wilaya.

Nina furaha ambayo siwezi kuificha, na sijajaribu.

Jumamosi, 22 Desemba. Miasenyi

Naandika kwa jicho moja. La pili limevimba, halifunguki.

Tuliondoka asubuhi, majirani wote barabarani. Nilipiga honi mbele ya stesheni mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Loise alilala nyuma kitandani, kama malkia, chini ya dari lake. Barabara mbaya, vumbi na matuta, gari linatetemeka lote, lakini dari kimya. Karibu na Miasenyi jua lilikuwa kali hasa. Nikasikia tone limeniangukia shingoni. Nta. Inayeyuka. Nikajiambia nitapunguza mwendo, hakuna neno.

Tukaingia shimo moja. Ubao wa nyuma ukaachia. Nilidhani ni ubao tu.

Niandike ukweli, kwa sababu ni ukweli unaonipa heshima. Juu ya mito ya mke wangu, katika ile nusu niliyoiacha wazi, kulikuwa na kundi zima la nyuki, na masega meupe, mapya, yamepangwa vizuri kuliko kitambaa cha dukani. Yote yalimwangukia Loise.

Sikujua kwamba ana mbio. Tulikimbilia vichakani, yeye mbele, khanga kichwani, mimi nyuma, suruali ikibaki kwenye miiba vipande vipande. Ameumwa mdomoni na sikioni na mahali pengine asipotaka niandike.

Mtu mmoja wa hapa, Katuku, Mkamba, mrina asali, amekuja na kijinga cha moto kinachofuka moshi. Amezunguka gari. Amechungulia tundu langu la hewa. Amepitisha kidole juu ya nta na kukinusa. Ameniambia katika maisha yake hajaona mzinga uliotengenezwa vizuri namna hii, na kwamba yeye hufuata nyuki ale asali lakini ni mara ya kwanza kuona nyuki wakiletwa kwa petroli. Ametaka kuununua, na magurudumu yake. Ametoa mbuzi wawili. Nimemjibu kwamba ni chumba cha kulala. Amemtazama Loise, kisha akageuka kwa heshima kuwafukiza nyuki.

Jioni treni ya Mombasa ilisimama hapa kwenye kistesheni. Alexander alikuwa dirishani. Nilijiandaa kwa kicheko chake. Hakucheka, na afadhali angecheka. Aliteremka, akamshika dada yake mkono, akaniambia tiketi ya Loise aliichukua tangu wiki iliyopita, na yangu pia, kwa bahati tu. Loise hakusema mengi, mdomo haukumruhusu. Alisema twende, Josephat. Alisema bahari ni ile ile ukifika kwa gari au kwa treni.

Nilisema siwezi kuliacha gari. Nilisema fundi haiachi kazi njiani. Alinitazama, akapanda. Nilibaki nikipunga mkono mpaka behewa la mwisho. Sikuwa na huzuni. Niseme kweli, nilikuwa nayo, kubwa.

Jumanne, 25 Desemba. Miasenyi

Krismasi. Katuku ameleta chapati na nyama, tumekula tumekaa kivulini mwa gari. Watu wanakuja kutoka mbali kulitazama dari. Kila anayekuja namweleza tangu mwanzo. Nyuki wamerudi ndani wote, hawakuona sababu ya kuhama. Katika matundu yote ya Taita wamechagua langu. Alexander na aonyeshe kitu chake kimoja kilichowahi kuchaguliwa.

Jumatano, 2 Januari 1957. Voi

Gari liko nyumbani, limevutwa na lori; nyuki nimemwachia Katuku. Loise alirudi jana, mdomo umepona, uso unang'aa. Ameiona bahari. Anasema hakuna maneno, ni kubwa na haina mwisho. Ameniletea kombe la baharini na shati.

Kisha amekaa karibu nami akasema jambo ambalo nimemwomba alirudie ili niliandike sawasawa. Amesema kule pwani hakupata usingizi hata kidogo, maana bahari inanguruma usiku kucha haichoki. Amesema usingizi mtamu kuliko wote maishani mwake aliupata ndani ya gari langu, mchana ule. Amesema pia kwamba Pasaka angependa twende pamoja kwa treni, mimi na yeye, mkono kwa mkono, na kwamba kule ufukweni alikuwa akigeuka kunionyesha kitu, halafu anakumbuka sipo. Alikuwa na machozi kidogo. Mimi pia.

Lakini bahari inanguruma! Kwa nini hakuna aliyeniambia? Mimi nilijikinga na mvua peke yake, kelele ya kutoka juu, kumbe ile kubwa inakuja kutoka pembeni. Dari halikuwa na kosa lolote. Nimeshapima. Nta iliyobaki inatosha, na Loise keshokutwa anakwenda Chawia kumwona mama yake, godoro litakuwa huru.

Kesho naanza kuta.