Pedi ya Bei ya Kitanda

Taarifa ndiye aliyeanza, kama kawaida yake. Ni karani wa stoo ya saruji, na kazini hakuna anayeijua sauti yake, lakini akishafika kwenye benchi la Mama Kahawa hufunguka kama bomba lililokatika. Siku hiyo aliisogeza simu mbali na macho, akakohoa kwanza.

"Jamani, dunia imekwisha. Wametoa pedi mpya ya kuchezea gemu. Kwa bei yake unapata kitanda cha futi sita, na godoro juu."

"Pedi moja?" aliuliza Waya, fundi wa redio na kila kinachoungua.

"Moja. Ukitaka ya pili, uza hicho kitanda."

Wote walicheka isipokuwa Mkasi, fundi cherehani. Yeye aliuvuta mkoba wake chini ya benchi, akaubana kwa visigino. Humo ndani, chini ya kitambaa cha suti ya mteja, pedi hiyohiyo ilikuwa imelala ndani ya boksi lake. Aliinunua jana. Mkewe aliambiwa ni pasi.

Msimhukumu haraka, ana sababu zake. Kijiweni hapo kuna runinga moja, mashine moja ya gemu za mpira na sheria moja, vyote mali ya Mama Kahawa. Mama hatozi mtu kucheza, ila anayefungwa anaosha vikombe vya kijiwe kizima, na ataendelea kuosha mpaka siku atakapomfunga mtu. Mkasi alikuwa ameosha kwa muda mrefu hadi wateja wageni wakawa wanamwagiza chai. Na anayemfunga ni nani? Shemeji yake, kinyozi wa mlango wa tatu, mdogo wa mkewe wa kuzaliwa. Umeoa kwao kwa heshima zote, halafu unamsuguzia kijana wao kikombe. Jambo hilo lilimuuma Mkasi mpaka usingizini.

"Sasa inafanya nini hiyo pedi?" Shemeji aliuliza. "Inakupikia?"

"Ina vitufe vya ziada mgongoni," Taarifa alisoma.

"Huko mgongoni nitaviona vipi?"

"Huvioni, unavibonyeza kwa vidole vya kati."

"Vidole vyangu vya kati vina ajira. Vinashikilia pedi isianguke."

"Halafu unajichagulia mwenyewe ugumu wa vitufe."

"Yaani maisha hayajawa magumu vya kutosha," Mama Kahawa alisema huku akimimina, "mpaka mtu akanunue ugumu dukani."

Mkasi akashindwa kuvumilia. "Mama, rahisi ni ghali. Kifaa ni kifaa. Mtu akikata kitambaa kwa mkasi butu, suruali inatoka mguu mmoja mrefu."

"Hii yangu uliikata kwa mkasi gani?" Taarifa aliuliza, akanyoosha miguu yote miwili watu wajionee.

"Wewe ndiye uliyesimama vibaya siku ya vipimo. Nazungumzia pedi za hapa, zimechoka. Hii nyeusi ninayochezea, kijiti chake kinavuta kushoto chenyewe. Ukiiweka mezani, mchezaji anaondoka peke yake, ana safari zake."

"Shem, usisingizie pedi," Shemeji alisema kwa upole wa kuudhi. "Yangu haina hata kitufe cha shuti. Nachokonoa kwa njiti ya kiberiti. Na bado unaosha."

Hapo ndipo visigino vilipoachia mkoba. Mkasi alitoa boksi, akaliweka mezani. Taarifa alitazama picha kwenye simu, akatazama boksi, akarudi kwenye simu. Waya alikwenda kunawa mikono kabla ya kuligusa.

"Shem," Shemeji alinong'ona, "dada anajua?"

"Anajua ni pasi."

"Haya, tuone inavyonyoosha."

"Sikia," Mkasi alisema akiwa amesimama, maana maneno mengine hayasemwi umekaa. "Leo nikifungwa, naosha vikombe mpaka mwaka uishe, na masufuria ya Mama juu yake. Nikishinda, unaosha wewe, tena dada yako nitamwita aje aone."

Mechi ikaanza. Pedi ilikuwa nzito, baridi, imetulia mkononi. Winga wa Mkasi alipokea mpira wa kwanza, akachanja mbuga na kutoka nao nje upande wa kulia. Akaupokea wa pili, akatoka nao palepale. Mshambuliaji alibaki na kipa peke yao, akampita kipa, akalipita goli, akaenda zake kwenye kibendera cha kona.

"Huyo anawahi kumchukua mtoto shuleni," Taarifa alisema.

Shemeji alichokonoa njiti yake. Moja. Akachokonoa tena. Mpaka filimbi ya mwisho yalikuwa mabao manne, na kwenye la nne kipa wa Mkasi hakuwepo, naye alishaelekea kulia.

"Imeharibika," Mkasi alisema, jasho likimtoka. "Wameniuzia mbovu."

Waya aliichukua, akakisukuma kijiti mbele, nyuma, pembeni, huku anatazama runinga. Kisha akakitazama kidole gumba cha Mkasi kama mgonjwa aliyeletwa na ndugu zake.

"Pedi ni nzima kabisa. Inakwenda unakoipeleka. Ile nyeusi ilikuwa inavuta kushoto, wewe ukazoea kusukuma kulia ili mtu wako anyooke. Sasa hakuna anayevuta, na wewe bado unasukuma."

"Mazoea yana tabu," Mama Kahawa alisema, akamkabidhi sponji.

"Kwa hiyo inafaa bei yake au haifai?" Taarifa aliuliza, maana yeye hapendi habari isiyo na mwisho.

"Inafaa," Waya alijibu. "Haijapata mtu wa kufanana nayo."

Walicheka mpaka benchi likalia. Shemeji alirudi kwa mteja aliyemwacha na nusu ya kichwa, Taarifa akakimbilia saruji yake. Mkasi alibaki kwenye beseni, povu hadi viwikoni, roho imemshuka. Masufuria ya Mama yalikuwa makubwa kuliko alivyokumbuka. Waya alipoinuka naye aende, Mkasi alimwita kwa sauti ya chini.

"Ndugu yangu, wewe si fundi?"

"Ndiyo kazi yangu."

Mkasi alitazama huku na huku, akajifuta mkono, akamsogezea boksi.

"Niharibie hii. Usiiue, kidogo tu. Upande wa kushoto."