Malalamiko Kuhusu Tabia Njema ya Tryphena

Leander Pardy,
Nyumba ya kijani, kona ya mwisho kabla ya mteremko,
Corner Brook, Newfoundland.
Jumatano, 19 Februari.

Kwa Bi. Marjorie Keeping,
Mkuu wa Kituo cha Kulelea Watoto cha Batabukini Wadogo.

Bi. Keeping mpendwa,

YAH: ADABU YA MTOTO TRYPHENA PARDY, MIAKA MIWILI NA MIEZI MITATU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba paa la kituo limehimili theluji ya juzi. Sisi hatujambo, ukiondoa haya ninayokwenda kuyaeleza.

Mimi si mtu wa kulalamika. Huu ni mwaka wa kumi na moja naendesha gari la kusukuma theluji la mji huu. Kila asubuhi watu hunirushia maneno kwa sababu theluji niliyoitoa barabarani imeishia milangoni mwao. Nawapungia mkono, napita. Lakini jambo hili limenifika kooni, na mke wangu Bernadine amesema nikilitaja tena mezani atahamia kwa mama yake. Mama yake anaishi nasi, ghorofa ya chini, kwa hiyo safari yenyewe si ndefu. Hata hivyo nimeona ni heri niandike.

Kwa kifupi, binti yetu akiwa kwenu ana adabu, na akiwa kwetu hana. Nimevumilia tangu Septemba. Naomba nieleze kwa namba, usije ukasema nimekurupuka.

1. Njegere.

Kila alasiri mnatupatia ile karatasi ya njano inayoeleza siku ya mtoto ilivyokwenda. Tarehe 14 Januari karatasi ilisema, kwa mwandiko mzuri wa Mwalimu Sherrilyn: "Amekula njegere zote, akaomba nyingine, akasema asante." Niliisoma mara tatu ndani ya gari. Mtoto ninayemjua mimi hula mkate uliokaangwa tu, ukatwe pembetatu. Ukikatwa mraba, nyumba inakuwa na msiba.

Jioni ile nikapika njegere. Nikampigia simu mpishi wenu, Bi. Una, akanieleza kila kitu: maji kiasi gani, siagi kiasi gani, hata bakuli la rangi gani. Tryphena alizitazama njegere zangu kwa muda mrefu, kama afisa wa forodha anayetazama mzigo usio na karatasi. Kisha akashuka kitini, akazibeba moja moja hadi mlangoni, akazitia ndani ya buti langu la kazini. Hakukosa hata moja. Ilimchukua dakika ishirini, na ndizo dakika ishirini alizotulia siku nzima.

Bernadine alicheka mpaka akajishika mbavu. "Leander," akaniambia, "njegere ni zilezile. Ubaya uko kwa mpishi."

2. Usingizi.

Mnasema analala saa sita na nusu, dakika tisini, "bila usumbufu wowote." Neno "wowote" lilikuwa na haja gani? Mtu anaweza kusema "bila usumbufu" akaishia hapo, akatuachia heshima kidogo.

Jumamosi moja nikaamua kufuata kanuni zenu. Nikatafuta mkeka wa buluu kama wenu. Nikafunga mapazia. Nikajilaza sakafuni pembeni yake na kuanza kumsugua mgongo kwa mzunguko, kama Mwalimu Sherrilyn alivyonionyesha. Mbinu hiyo ni nzuri sana na naithibitisha kwa maandishi: ndani ya dakika nne mimi nilikuwa nimelala fofofo. Nilipoamka, Tryphena alikuwa amekaa kifuani pangu, amemaliza stika zake zote usoni mwangu. Niliziondoa zote isipokuwa moja ya bata, nyuma ya sikio, ambayo sikuiona. Waliiona wenzangu wa karakana Jumatatu. Tangu siku hiyo naitwa Kapteni Bata, na jina hilo sasa linatumika hata kwenye redio ya magari, masikioni mwa mkuu wa barabara. "Kapteni Bata, mlima wa hospitali umeziba, ingia." Nami naingia, nifanye nini?

3. Mabuti.

Hapa naomba Bi. Keeping ukae vizuri kwenye kiti.

Kwetu, kumvalisha Tryphena ovaroli ya theluji ni kazi ya watu wawili wazima na bibi mmoja wa kushika mguu. Mguu wa kushoto ukiingia, wa kulia umeshatoka. Kuna siku tulichelewa misa kwa sababu ya kidole gumba kimoja cha glavu.

Wiki iliyopita nilifika kituoni mapema, nikasimama nje ya dirisha dogo la mlango. Sikukusudia kupeleleza; theluji ilikuwa imenikwamisha hapo. Nikamwona mwanangu akitandaza ovaroli yake sakafuni, akakaa juu yake, akaingiza miguu, akaingiza mikono, akapandisha zipu mpaka kidevuni. Akavaa mabuti, kila moja kwenye mguu wake. Kisha, na hapa kioo kilianza kuingia ukungu kwa pumzi zangu, akapiga magoti akamsaidia yule mtoto mnene, Kenton, kuvaa ya kwake, akimwambia, "Sukuma, Kenton. Sukuma. Hongera!"

Nilifungua mlango. Aliponiona tu, alianguka chali kama gunia la viazi, akavua buti moja, akaninyooshea mguu.

Wazazi wote walikuwa pale. Mama yake Kenton alikuwa pale. Mwalimu Sherrilyn akatabasamu, akasema, "Ameshajua baba kafika." Alilisema kama vile ni habari njema.

Nyumbani nikamsimulia mama mkwe, Bi. Drusilla, nikitegemea kuhurumiwa. Aliendelea kugeuza kababu zake za samaki wa chumvi kwenye kikaango, hata kugeuka hakugeuka. "Mwanangu," akasema, "na wewe siku nzima unasukuma theluji ya mji, ukifika hapa unashindwa kuokota soksi zako. Mbona hatujamwandikia mwajiri wako?" Maneno haya hayahusiani na mada, lakini nayaweka ili uone mazingira ninayoishi.

4. Watoto wawili.

Kwa muda fulani niliamini kuna watoto wawili. Sisemi kwa nia mbaya. Niliwaza kwamba labda asubuhi tunawaletea wetu, mnamweka mahali, na huyo anayeandikwa kwenye karatasi ya njano ni mwingine, wa maonyesho. Kwa hiyo Jumatatu ya juzi nilimtia alama ndogo ya kalamu kwenye kisigino. Siku hiyo karatasi ilisema alikuwa amewagawia wenzake biskuti kabla hajala yake. Nilipomvua soksi jioni, alama ilikuwepo. Kwa hiyo ni mtoto mmoja, na matokeo hayo yamenisikitisha zaidi kuliko nilivyotegemea.

5. Wimbo.

Hili la tano nilitaka kuliacha. Bernadine amesema kama naandika, niandike na hili.

Mna wimbo wa kukusanya vitu vya kuchezea. Watoto wakiusikia, wote kumi na wawili huinama wakaokota. Nilimwomba Mwalimu Sherrilyn anifundishe, naye akanifundisha pale koridoni, kwa uvumilivu, pamoja na sehemu ya kupiga makofi. Niliufanyia mazoezi ndani ya gari la theluji siku nne. Alhamisi nikasimama katikati ya sebule, ambako hapakuwa na pa kukanyaga kwa vipande vya mbao, nikaimba ubeti wote.

Tryphena alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaja, akaniwekea kiganja mdomoni, polepole, bila hasira. "Hapana, Dada," akasema. Nyumbani kwetu baba anaitwa hivyo, wala usinicheke. "Wewe si Sherri."

Kesho yake akateleza jikoni, akajigonga goti. Nilikuwa karibu yake kuliko mtu yeyote duniani. Mikono yangu ilikuwa imeshanyooka. Akafungua mdomo, akalia: "Sherri!"

Nilimwinua, nikampuliza goti, akanyamaza. Lakini nilibaki nimesimama na yule mtoto begani kwa muda, nikitazama nje dirishani, mpaka Bernadine akaja akanishika mkono. Hakunitania siku ile, na ndipo nikajua mambo ni mazito.

Kwa sababu hizo zote, Bi. Keeping, naleta maombi yafuatayo, kwa mpangilio wa busara.

Kwanza, naomba kituo kimfundishe Tryphena utovu wa nidhamu, hata kidogo, wakati wa saa za kazi. Siombi makubwa. Atupe kijiko. Amnyime Kenton gari jekundu. Mzazi akisoma kwenye karatasi ya njano kwamba leo kijiko kimetupwa, hata chakula cha jioni kinashuka vizuri.

Pili, kama hilo linakiuka kanuni za mkoa, naomba Mwalimu Sherrilyn ahamie kwetu. Ghorofa ya chini ina dirisha, ina joto, na ina mlango wake. Ina Bi. Drusilla pia, lakini nimezungumza naye. Amesema yuko tayari kuhamia kwa Mwalimu Sherrilyn, mradi kule hakuna mtu anayeimba.

Tatu, ikiwa Mwalimu hataki, naomba mniandikishe mimi. Nimeisoma fomu yenu na naamini natimiza masharti. Chanjo zangu zimekamilika, sivai nepi, njegere nakula. Zamu yangu inaisha saa tano asubuhi, kwa hiyo naweza kuwahi chakula na usingizi wa mchana, ambao, kama nilivyokwisha kuthibitisha, naumudu. Nitakaa mwisho wa mstari na wala sitasukumana. Nikikaa humo miezi miwili mitatu, nina hakika nitajua mnachokijua.

Nne, na hili ni la mwisho, ikiwa hata mimi nafasi haipo, basi tukubali ukweli na tubadilishane. Tryphena aishi kwenu, ambako ni raia mwema, na jioni atutembelee kwa saa moja kama mgeni. Nimegundua kwamba wageni huwa na adabu. Tutampokea mlangoni, tutamuuliza habari za safari, tutamkaribisha chai. Huenda kwa njia hiyo akatuzoea kidogo kidogo, na siku moja, akijigonga, akataja jina la mtu wa nyumba hii.

Bernadine amesoma mpaka hapa. Amesema ombi la nne ni la mtu aliyekosa usingizi. Nakubali, lakini nimeliacha.

Nakuomba unijibu kabla theluji haijayeyuka, yaani una muda wa kutosha. Nifikishie salamu kwa Bi. Una na umwambie njegere zake hazina kosa. Kwa Mwalimu Sherrilyn, ambaye sina kinyongo naye, au ninacho lakini cha heshima. Kwa Kenton na mama yake. Kwa bwana anayechota theluji kwenye ngazi zenu, ambaye namwomba radhi kwa theluji niliyomrudishia Jumanne. Na kwa yule kobe mnayemfuga chumba cha watoto wakubwa, aliyeniumbua kwa kuonekana kwamba hata yeye kwenu ana furaha.

Wako katika malezi, kwa kiasi ninachoruhusiwa,

Leander Pardy
(Baba Tryphena)

Baada ya kutia sahihi:

Bi. Keeping, nilikuwa nagundisha bahasha pale simu ilipolia. Alikuwa Mwalimu Sherrilyn, na nyuma yake nilisikia sauti moja kubwa ambayo ningeitambua hata katikati ya tufani. Anasema Tryphena ameingia kabatini mle mnamowekea nguo za maigizo, amejifungia kwa ndani kwa kushika mlango kwa mikono miwili, na amewakatalia watu wazima watatu, ukiwemo wewe mwenyewe. Mmemwimbia, hataki. Mmempa biskuti, ameirudisha kupitia chini ya mlango. Anataja mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. "Baba Tryphena," Mwalimu akaniambia, akihema, "njoo tafadhali. Sisi tumeshindwa."

Nimemwomba arudie neno la mwisho, nikisingizia kwamba simu inakwaruza. Akarudia.

Naomba yote niliyoandika hapo juu yahesabike kuwa hayakuandikwa. Kituo chenu ni bora kuliko vyote katika kisiwa hiki na nitasema hivyo kwa yeyote atakayeniuliza. Barua naileta kwa mkono ili mpate kuichana mbele yangu. Bernadine ananitafutia funguo, mama mkwe amenishikia koti, na wote wawili wananicheka kwa sababu nimevaa kofia nje-ndani.

Niko njiani. Nawasihi jambo moja tu: mtu yeyote asimtoe kabatini kabla sijafika.

L. P.