Maikrowevu ya Shangazi Iko kwa Jirani

Marafiki, leo sina pa kuuweka uso.

Shangazi yangu amefika asubuhi kutoka Sericho. Huyu ndiye aliyenilea, na nilipoolewa, miaka kumi na saba iliyopita, alininunulia maikrowevu. Nzito kama mfuko wa simiti. Vitufe viwili vya kuzungusha, kengele moja, basi. Haikuwahi kuona fundi.

Mwaka juzi nikaionea aibu (mimi huyu, mwenye sufuria zisizo na mifuniko!). Nikampa jirani yangu, Mama Halima, nikanunua ya kisasa. Hiyo ni nyepesi, unagusa kioo tu, na ikimaliza inaimba. Imeimba mwaka mmoja na nusu. Wiki iliyopita ikanyamaza. Fundi akaniambia bodi imeungua, hizi za siku hizi hazitengenezeki, ninunue nyingine.

Leo Shangazi hata chai hajamaliza, akauliza maikrowevu yake iko wapi. Ningesema ukweli yangeisha. Nikasema iko kwa fundi, inabadilishwa balbu. (Balbu! Sijui niliitoa wapi.) Akafurahi sana kusikia bado naitunza. Nikajiona mjanja.

Nilichosahau ni kwamba Shangazi hakai mahali bila kusalimia majirani. Nikiwa nje naanika nguo, nikasikia "Salaam aleikum" mlangoni kwa Mama Halima. Nikakimbia na ndala moja.

Nikamkuta jikoni, amesimama mbele ya maikrowevu. Sisi hapa hutia vyombo alama ili visipotelee kwenye harusi za watu. Shangazi, siku aliyoninunulia, alikuwa ameandika jina langu ubavuni, kwa rangi ya kucha. Jina lote, pamoja na la baba.

Nikaanza kujieleza, fundi hivi, fundi vile. Mama Halima, maskini, hakujua lolote.

"Fundi gani?" akasema. "Hii tangu unipe haijanisumbua hata siku moja."

Shangazi akaufungua mlango, akapitisha kidole ndani. Safi. Akaufunga taratibu.

"Basi kaa nayo, mama," akamwambia Mama Halima. "Imepata mwenyewe."

Mimi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nimejuta, tena si kwa sababu ya maikrowevu. Nimejuta kwa vile alivyofurahi asubuhi.

Mpaka sasa yuko huko, amepashiwa pilau, amekula, anapiga hadithi. Mkicheka, chekeni polepole. Kati yetu ni ukuta wa mabati tu, na Shangazi ana masikio.