Nyuzi Zisizidi Thelathini na Nane

Jumatatu, 1 Septemba 1986
Leo nimepata kompyuta! Ndogo, lakini kompyuta. Bruda Stanslaus wa misheni hapa Ushirombo amenipa kibao cha saketi kutoka mashine yao mbovu ya kutotolea mayai. Kina kidude cheusi chenye miguu mingi. Bruda anasema hicho ndicho kinachoamua taa iwake au izime. Kaniachia karatasi ya maelekezo, kaenda Tabora.

Kuku wa mama mkwe kule Masumbwe wamekwisha wote kwa kideri. Mbuke, mke wangu, amemtunzia mayai kumi na mawili ya kuatamiwa. Nimemwambia kuku wake apumzike, mashine ipo. Akauliza kuku amekosa nini. Nikaapa kwamba vifaranga visipotoka, meza yangu ya ufundi inatoka sebuleni. Meza niliitajia nini?

Jumanne, 2 Septemba
Sanduku tayari. Betri ya gari, taa, kibao. Karatasi ya Bruda inasema: “Ngassa, angalia sana, nyuzi zisizidi 38. Zikizidi, mayai yanaharibika.” Bruda ni msomi, waya anauita uzi. Nikahesabu. Arobaini na moja! Afadhali nilihesabu. Nimekata tatu zisizo na kazi: mwekundu, wa kahawia, na mweupe mwembamba uliokuwa unaning'inia ndani ya sanduku na kishanga nchani. Pambo tu.

Mbuke kanipa mayai sita. Sita kayaficha. Hana imani! Taa inawaka vizuri, haizimi hata kidogo.

Alhamisi, 4 Septemba
Harufu ya kifungua kinywa. Mbuke kapasua yai moja: limeiva, gumu kabisa. Kaomba chumvi. Kacheka mpaka kakaa chini, akaniambia Baba Mageni, sasa nunua mashine ya kuchemsha chai. Nampenda sana huyu mwanamke, hata akinicheka. Nimekula mawili.

Nyuzi nimehesabu upya. Thelathini na nane kamili. Kwa usalama nimekata mbili zaidi. Moshi! Taa imezimika, betri nayo imekufa.

Ijumaa, 5 Septemba
Kuku kaingia ndani ya sanduku langu. Kalalia kibao! Nimemfukuza mara tatu, kanidonoa mara nne. Mbuke kaleta yale mayai sita, kamwekea chini yake. Nimelalamika kwamba anaharibu mitambo. Kasema vifaranga vikitoka kwenye sanduku hilo, vitahesabiwa vya mashine, meza ibaki. Nilitaka kumkumbatia. Nikajifanya natafuta bisibisi.

Ijumaa, 26 Septemba
Vitano! Vya manjano, vinalia juu ya kibao. Mbuke anavipeleka Masumbwe kesho pamoja na mama yao. Meza imebaki.

Bruda karudi. Nikamweleza yote. Kacheka akishika ukuta. Kasema nyuzi ni za joto, na kile kishanga ndicho kilichokuwa kinalipima. Namheshimu, sikumbishia. Lakini fundi anaangalia ushahidi. Nimemkagua kuku kabla hajafungwa miguu kwa safari, mbawa zote mbili na chini ya mkia. Hana hata uzi mmoja, na ametotoa matano kati ya sita.

Kumbe thelathini na nane zilikuwa bado nyingi. Nimemwomba Bruda kibao kingine. Hicho nitakifunga nyuzi nne tu.