Nahodha wa Mabenchi Mawili

Shemeji yangu amevuka bahari kuu mara tatu, na zote tatu bila kutoka karakana ya dada yangu. Mimi ni shahidi, kwa sababu katika safari hizo mimi ndiye niliyekuwa bahari.

Wacha nieleze. Dada ni fundi wa fiberglasi. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuziba matangi ya maji yaliyopasuka, na kuziba tangi maana yake ni kuingia ndani ya tangi, joto na harufu ya gundi vikukabe koo, mpaka jioni unakohoa kama gari bovu. Mwaka jana akasema basi. Akaanza kutengeneza kayaki ya mawimbi: chombo cha mita sita, chembamba kuliko mabega ya mtu, ambacho hukai ndani yake bali juu, kwenye kishimo kilichochongwa kwa ajili ya makalio, miguu kwenye kanyagio za usukani na mkononi kasia lenye bapa pande zote mbili. Mimi nilipiga msasa mpaka alama za vidole vyangu zikafutika.

Kikosi cha waokoaji wa ufukweni kilitaka kayaki sita. Mkuu wao, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, alitoa sharti moja tu: kabla hajaagiza, aione ya kwanza ikijaribiwa baharini na mtu asiye fundi mwenyewe, maana fundi hawezi kujisahihishia mtihani. Akikubali, dada ana kazi ya mwaka mzima. Akikataa, dada anarudi tangini.

Hapo ndipo shemeji alipokohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayejiona anaombwa ilhali hakuna aliyemwomba.

"Mnahangaika nini, na mtu mnaye humu humu ndani?"

Tunamwita Nahodha. Jina alijipa mwenyewe, baada ya kukata tiketi za kivuko kwa miezi miwili katika kibanda kilichokuwa nchi kavu. Tangu hapo hawezi kupita karibu na ndoo ya maji bila kutoa maoni.

Alianza na muundo. Alivaa miwani ya jua ndani ya karakana, akaizunguka kayaki mara nne mikono ikiwa nyuma, akaigonga tumbo kama mtu anayechagua tikiti maji, akatega sikio.

"Pua imekaa vizuri," alisema. "Mkia nao haujambo. Andika, shem."

Niliandika: pua vizuri, mkia haujambo.

Kisha ukaja uthabiti. Kayaki ilikuwa juu ya mabenchi mawili, imezungushiwa magodoro ya zamani isichubuke rangi. Akaipanda kwa ngazi, akaniambia nishike mkia nitikise. Nikatikisa.

"Bahari haitikisi hivyo. Bahari ina adabu zake. Inakuja, inarudi."

Nikaja, nikarudi. Alipiga kasia hewani dakika ishirini nzima, akavunja balbu, akaangusha kalenda ukutani, kisha akatangaza kwamba tumefika ng'ambo; safari hiyo tukairudia mara mbili zaidi. Uthabiti akaupa kumi kwa kumi. Nilipomwambia kwamba asingeweza kuanguka hata angetaka, kwa kuwa magodoro yalikuwa yameibana kayaki kushoto na kulia, alisema hajawahi kuona bahari inayojibizana na nahodha.

Tatizo lilizuka kwenye starehe. Kiti, alilalamika, ni kigumu na kiko chini mno. Mtu wa heshima hakai pale. Akataka kipandishwe kwa sponji yenye unene wa vidole vinne.

Dada aliweka brashi chini. "Baba watoto, kiti kiko chini kwa makusudi. Ukikaa juu, uzito nao unapanda, na chombo kinapinduka."

"Mke wangu, kati yako na mimi, nani amefanya kazi ya bahari?"

"Wewe ulikuwa unakata tiketi."

"Za kwenda wapi?"

Dada alinitazama mimi, kana kwamba msaada ungetoka kwangu. Zilibaki siku mbili, mtu mwingine wa kujaribu hatukuwa naye (mimi nilishahesabiwa fundi kwa ule msasa), na shemeji alikuwa ameshaanza kusema kwamba kama utaalamu wake hautakiwi, yeye atakaa nyumbani. Dada akakata sponji. Lakini niliona hakuibandika kwa gundi yake ile ya kufa na kuzikana. Aliishika kwa utepe wa plastiki tu.

Siku yenyewe bahari ilikuwa tulivu, mawimbi ya kufika magotini. Mkuu wa waokoaji alikuja na daftari na filimbi. Nahodha alikuja na hotuba. Alizungumza kuhusu bahari na binadamu, kisha kuhusu yeye na bahari, mpaka mkuu akatazama saa.

Jaketi la kujiokoa alilivaa kwa kuwa aliambiwa bila jaketi hakuna jaribio. Kamba ya kumfunga mguu na kayaki aliikataa. Kamba, alisema, ni ya wanafunzi.

Akakaa. Kayaki ikammwaga. Ilikuwa haraka kiasi kwamba kasia bado nilikuwa nimelishika mimi.

"Hilo," alisema akitema maji, "lilikuwa jaribio la kupinduka."

Akakaa tena, akamwagwa upande wa pili.

"Na hilo?" mkuu aliuliza.

"Kulinganisha pande zote mbili."

Mara ya tatu alianguka kwa nyuma, na ya nne sijui alianguka vipi, nilikuwa nimefumba macho. Watu waliokuwa wakiogelea walitoka majini wakakaa mchangani ili waone vizuri. Mkuu alikuwa anaandika, na kila alipoandika, dada alimeza mate.

Mara ya tano, kwa maajabu, alienda. Alipiga kasia mara nane, akavuka pale mawimbi yanapovunjika, akajiona. Na alipojiona ndipo alipoinua kasia juu kwa mikono miwili kutupungia.

Kayaki ikageuka polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani. Kisha, kwa kuwa haikufungwa kwa mtu, mawimbi yakairudisha peke yake hadi miguuni pa dada. Nahodha akabaki kule, na mkondo ukaanza kumvuta mbali zaidi na ufukwe.

"Anajua kuogelea?" mkuu aliuliza.

"Hajui," dada alisema.

Nitasema kweli: dada hakumtazama mumewe, ambaye jaketi lilikuwa limemshika vyema na kelele zake zilitufikia bila kupungua hata neno. Alikuwa anaitazama kayaki yake iliyolala kifudifudi mchangani, na mkuu anayefunga daftari. Niliona lile tangi limerudi machoni mwake, na moyo uliniuma kuliko nilivyotarajia.

Ghafla akapiga magoti. Akaigeuza kayaki, akaing'oa sponji kwa mkono mmoja, akaitupa.

"Kaa wewe," alimwambia mkuu. "Kama nilivyoitengeneza mimi. Ukirudi, kataa ukitaka."

Mkuu alitazama kile kishimo, akatazama baharini, akanikabidhi daftari. Akakaa. Kayaki ilisita mara moja kushoto, mara moja kulia, kisha ikatulia na kwenda. Ilipanda wimbi la kwanza, ikashuka, ikapanda la pili, na yule mama hata kofia haikumsogea. Dada alikuwa amenikamata mkono, kucha zote tano.

Walirudi pamoja. Mbele mkuu, amenyooka, anapiga kasia bila papara. Nyuma yake Nahodha, kalalia tumbo juu ya mkia, macho kafumba, kamkumbatia mkuu kiunoni kama mtoto anayepelekwa sindano. Watu walipiga makofi. Alidhani ni yake, akainua kichwa.

"Haitikisiki," mkuu alisema aliposhuka. "Na mgongo hauumi. Tena nilikuwa na mzigo. Nataka sita, kiti kibaki hapo hapo."

Dada alikaa chini mchangani akalia bila kujificha. Mimi nilijifanya napangusa kasia.

Shemeji alijikung'uta mchanga. "Kwa hiyo," alisema, "tathmini yangu imekubalika."

"Hiyo sijui. Lakini wewe mwenyewe nakuhitaji."

Niliona kifua kinapanda. "Kama mshauri?"

"Vijana wangu wakifanya mazoezi ya kuokoa, yule anayejifanya anazama huwa anacheka. Hakuna anayejifunza. Wewe hucheki. Njoo kila Jumamosi, saa mbili asubuhi." Kisha akamgeukia dada, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaonyesha wasiwasi. "Ila asije akajifunza kuogelea."

Dada alijifuta machozi kwa kiganja.

"Hilo lisikusumbue, mama. Mimi nina miaka kumi na minne naye, sijamwona akijifunza kitu."