Waraka wa Kunyoosha Fuwele

Wananchi watafurahi kusikia kwamba kuanzia Jumatatu maumbile yamenyooshwa. Waraka Namba Saba wa Idara ya Unyoofu ulisema wazi: mstari wowote uliopinda ni uzembe, na karatasi yoyote ya serikali yenye mstari huo ni batili.

Wa kwanza kunaswa alikuwa mpimaji wa fuwele. Mama huyu alikuwa amechungulia fuwele moja kwa miaka sita, tabaka juu ya tabaka, chembe zake zimejipanga kwa namna ambayo kuzieleza kwa mistari iliyonyooka kulikula kurasa mia na nne. Siku moja akang'amua kwamba zote zimekaa juu ya uso mmoja unaopanda huku na kushuka kule, kama tandiko la farasi. Hesabu nzima ikaenea ukurasa mmoja. Akausuka uso ule kwa waya, akaupeleka kwa Mkurugenzi wa Idara. Kwa waraka ule, asipopata kibali cha uso huo kabla ya saa sita, maabara inafungwa, naye anahamishiwa stoo ya viti vibovu.

Mkurugenzi aliugeuza waya mara mbili.

"Mama, hiki kitu kimepinda."

"Chembe ndizo zimejipanga hivyo, mkuu. Mimi nimezifuata tu."

"Uliziandikia barua?"

"Chembe?"

"Mtumishi makini angeandika. Na nakala kwangu."

Ikaitwa Kamati ya Kunyoosha. Wajumbe watatu waliulaza waya chini ya mafaili, wakaukalia kwa zamu, kwa kuzingatia vyeo. Walipoinuka, waya ukarudi ulivyokuwa, mzima wa afya. Kumbukumbu za kikao zikaandika: kielelezo kimekaidi viongozi.

"Samaki hukunjwa angali mbichi," mjumbe mnene alinong'ona akijisugua kiuno. "Huyu keshakauka."

Mkurugenzi akaandika barua ya kufunga maabara, akatia saini yake maarufu, ile inayoanza kama konokono na kuishia na mkia wa kinyonga. Akaipuliza ikauke.

Mpimaji aliichukua barua, akaipeleka dirisha la pili kwa karani wa masjala, mzee ambaye hajawahi kusoma waraka asiutii. Mkurugenzi akamfuata nyuma.

"Babu, hii inapokeleka?"

Karani akaweka rula juu ya saini. "Imepinda mara kumi na moja. Batili."

"Ni saini yangu hiyo," alisema Mkurugenzi.

"Ndiyo, mkuu. Ipo hata kwenye Waraka Namba Saba."

"Basi na waraka wenyewe ni batili?" mpimaji akauliza kwa upole.

"Sijui, binti. Ukiwa batili, kupinda si kosa. Ukiwa halali, barua hii haifai. Vyovyote vile, maabara yako haifungwi." Akavuta droo. "Kinachonisumbua ni hii barua ya uteuzi wa mkuu. Saini ya waziri nayo, mh. Na utaratibu ni kwamba asiye na barua halali hukaa stoo mpaka barua inyooke."

Mkurugenzi yuko stoo hadi leo, anajifunza kusaini kwa rula. Taarifa rasmi inasema viti vyote vya mle vimepinda migongo, hivyo kwa uaminifu wa kupigiwa mfano, amechagua kusimama.